Mstari Unaozimwa na Kuwashwa

Ramani iliyoning'inia darasani kwetu ilikuwa na mstari wa vitone uliolipasua Ziwa Nyasa katikati, kuanzia karibu na mdomo wa mto Songwe kushuka kusini. Binamu yangu alisoma ng'ambo ya mto, upande wa Karonga, na ramani ya kwao ililipaka ziwa lote rangi moja, rangi ya Malawi, hadi kwenye mchanga wa Matema. Likizo tulikutana kwa bibi, Kyela, tukabishana mpaka sauti zikakauka: ziwa la nani? Bibi alikuwa na watoto kwenye kingo zote mbili za Songwe na hakuwahi kusoma ramani hata moja. Alitupa ndoo, akatutuma tukachote maji.

Nilikua nikawa mchoraji wa ramani za viwanja na mashamba, kazi ya kompyuta siku hizi, na humo ndimo nilimokutana tena na ule ubishi. Programu za kuchorea, AutoCAD ikiwa ndiyo iliyozoeleka zaidi, hazitunzi mchoro kama karatasi moja. Huutunza kama mrundo wa karatasi angavu zilizolaliana: barabara kwenye leya yake, viwanja kwenye leya yao, mto kwenye yake, mistari ya mwinuko kwenye yake. Kila leya ina alama ndogondogo ubavuni. Kuna balbu: ukiibonya inazimika, na kila kilicho kwenye leya hiyo kinatoweka kwenye kioo. Kuna jua, ambalo ukilibonya hugeuka chembe ya theluji, kitu ambacho Kyela hatujawahi kukiona kikianguka. Hapo leya imegandishwa, haionekani, na mashine yenyewe inaacha kuishughulikia. Kuna kufuli: mistari inaonekana lakini haiguswi. Na kuna printa: ukiizuia, leya unaiona wewe kwenye kioo, lakini atakayepewa karatasi haioni.

Mgeni wa kazi hudhani kuzima na kugandisha ni mamoja. Nilidhani hivyo pia. Katika ofisi moja niliyoanzia, nilizima leya ya bikoni za zamani, zile alama za mipaka ya viwanja, ili nione vizuri, kisha nikachagua vyote vilivyobaki, nikafuta, nianze upya. Jioni nikawasha balbu ya bikoni. Patupu. Leya iliyozimwa haionekani, ila amri ya kuchagua vyote huifikia ilikojificha, iliyogandishwa haifikiwi. Kazi ya wiki nzima ilikwenda na maji, na mkubwa wangu hakusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angefoka. Tangu hapo, kila ninapokunjua ramani ya Ziwa Nyasa siulizi kwanza mstari uko wapi. Nauliza kama ule usioonekana umezimwa, umegandishwa, au haukuwahi kuchorwa.

Haukuwahi kuchorwa: huko ndiko historia hii inakoanzia. Mwaka 1856 jarida la Petermann huko Gotha, Ujerumani, lilichapisha ramani ya bara la ndani iliyotokana na kazi ya mmisionari Jakob Erhardt. Erhardt alikuwa amekaa Tanga akiwahoji watu wa misafara. Waliopita njia ya Kilwa walimweleza habari za maji makubwa ya Nyasa. Waliopita njia za kati, maji ya Ujiji. Wengine, maji ya kaskazini zaidi. Hakuna aliyemdanganya. Lakini Erhardt aliyaweka maelezo yote kwenye karatasi moja, akaona kila njia inaishia majini, akaamua kuwa maji ni yale yale. Likatokea ziwa moja la kutisha, refu, limejipinda kama koa, likimeza Nyasa, Tanganyika na Victoria kwa pamoja. Wanajiografia wa London walicheka, kisha wakawatuma wasafiri Burton na Speke kwenda kutazama. Mimi simcheki Erhardt. Maziwa yake matatu yalikuwa sahihi; kosa lake ni kuyachora yote kwenye leya moja.

Livingstone alilifikia ziwa letu Septemba 1859, kwa upande wa kusini. Mwaka 1861 alisafiri kuelekea kaskazini kwa kufuata pwani ya magharibi lakini hakufika mwisho wake, kwa hiyo kaskazini kote, yaani Kyela, Mwaya na Matema, kulichorwa kwa kukisia. Ilibidi kungoja 1875, E. D. Young alipoleta meli ndogo ya Ilala, iliyobebwa kwa vipande na wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, akalizunguka ziwa lote. Ndiye aliyeona ukuta wa milima unaosimama wima juu ya maji upande wa kaskazini mashariki, akauita Milima ya Livingstone. Wakisi, waliokuwa chini ya milima hiyo wakifinyanga vyungu na kuvuka navyo kwa mitumbwi kwenda kuviuza, hawakuulizwa wanaiitaje. Miaka miwili baadaye akapita msafiri mwingine, Elton, mwaka 1879 akafika Joseph Thomson kwa miguu kutoka pwani, na umbo la ncha ya kaskazini likaanza kufanana na lenyewe.

Mpaka hapo hapakuwa na mstari wowote majini. Ulikuja tarehe 1 Julai 1890, Berlin, katika mkataba ambao Wazungu huukumbuka kwa sababu ya kisiwa cha Heligoland na Waswahili huukumbuka kwa sababu ya Zanzibar. Sisi wa Kyela tulipata vifungu vyetu pia. Mpaka kati ya eneo la Wajerumani na la Waingereza ukifika Nyasa kutokea Ruvuma, ulitakiwa kufuata ufukwe wa mashariki, kisha wa kaskazini, kisha wa magharibi wa ziwa mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, na kutoka hapo kupanda na mto hadi unapokutana na longitudo ya digrii 33 mashariki. Kwa maneno ya kawaida: mvuvi wa Matema akiingiza mguu majini, mguu umeshatoka nchini.

Kwa nini ufukwe, wakati maziwa kwa mito mingine ilikatwa katikati? Jibu liko Karonga. Kampuni ya Maziwa ya Afrika, ya Waskoti, ilikuwa na kituo huko. Wamisionari wa Livingstonia walikuwa na meli ziwani. Na kutoka Karonga ilianzia Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuliunganisha Ziwa Nyasa na Tanganyika. Waingereza walitaka njia hiyo yote ibaki kwao, pamoja na maji yanayoifikisha. Wajerumani, waliokuwa na macho yao Heligoland, hawakung'ang'ania maji ambayo hakuna Mjerumani aliyekuwa na meli juu yake. Hata hivyo mkataba uliacha tundu. Kifungu kimoja kiliruhusu mistari hiyo irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Tundu hilo wanasheria wa Tanzania hawajaliacha hadi leo.

Hapa nina jambo la kiufundi ambalo huwa linanifurahisha peke yangu. Sisi wapimaji na wachoraji hufanya kazi kwenye kanda za UTM, na Kyela iko kanda ya 36 kusini. Mstari wa katikati wa kanda hiyo ni longitudo ya digrii 33 mashariki, ile ile ya mkataba. Kila faili yangu ya Kyela imepimwa umbali wake kutoka kwenye mstari ambao mabwana wa Berlin waliuchagua kabla mkunga hajamzaa babu yangu. Haukupangwa hivyo, digrii 33 ni namba tu iliyojipa. Lakini leya hiyo siwezi kuizima, maana namba zote zimesimama juu yake.

Wajerumani waliposhuka ziwani wenyewe, mstari wa ufukweni haukuwazuia. Mapema miaka ya 1890 walijenga kituo chao cha Langenburg chini ya Milima ya Livingstone, si mbali na Matema, na mwaka 1893 wakaishusha majini meli ya Hermann von Wissmann, iliyoletwa kwa vipande kutoka Ulaya kupitia Zambezi na Shire. Ukiusoma mkataba neno kwa neno, meli hiyo haikuwahi kuelea hata dakika moja katika maji ya Wajerumani. Ikasafiri, ikabeba, ikapiga honi, na nahodha wa Kiingereza akaipungia mkono. Mstari ulikuwa umechorwa na umetiwa saini, lakini ziwani hakuna aliyeuwasha. Baadaye makao yakahamishiwa juu kwenye baridi, Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu ya leo, na ile ya ufukweni ikabaki kuitwa ya Kale.

Nchi kavu ilishughulikiwa kwa makini zaidi. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilipita kati ya Nyasa na Tanganyika kuusimika mpaka. Upande wa Waingereza aliiongoza Kapteni Charles Close, ambaye miaka kumi na kitu baadaye angekuwa mkuu wa upimaji wote wa ramani za Uingereza. Walipima nyota usiku na vilima mchana, na makubaliano yaliyotiwa saini Berlin Februari 1901 yaliiweka kando mistari ya rula, yakafuata vijito, migongo ya vilima inayogawa maji, na nguzo. Ziwa hawakuligusa. Wakati huo huo afisa wa majini wa Kiingereza aitwaye Rhoades alikuwa akilipima ziwa lenyewe, ghuba kwa ghuba, kina kwa kina. Na huko Berlin, kwenye nyumba ya uchapaji ya Dietrich Reimer, Kiepert, Sprigade na Moisel walikuwa wakitayarisha ramani kubwa ya koloni kwa skeli ya 1:300,000. Uchapaji wa enzi hiyo ulidai bamba lake kwa kila rangi: moja la maji, moja la milima, moja la maandishi na mipaka. Karatasi moja ilipita chini ya mashine mara kadhaa, na fundi aliyesahau bamba moja alitoa ramani nzuri kabisa isiyo na milima, au isiyo na mpaka.

Agosti 1914 Rhoades huyo huyo, sasa nahodha wa meli ya kivita Guendolen, alipata amri ya kuishughulikia Hermann von Wissmann. Alijua iko wapi, kwa sababu alikuwa rafiki wa nahodha wake, Berndt, na ghuba ile aliichora mwenyewe. Tarehe 13 aliikuta huko Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Berndt, ambaye hakuwa amepata habari kwamba kuna vita, inasimuliwa kuwa alipiga kasia hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Songwe kuishambulia Karonga, wakarudishwa, na mwaka 1916 Waingereza wakashika ufukwe wetu wote.

Kuanzia hapo tatizo liligeuka sura. Tanganyika ikawa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, lakini msimamizi wake alikuwa Mwingereza, na Nyasaland ilikuwa yake pia. Mtu mwenye mashamba mawili yanayopakana halindi mpaka wa katikati. Katika baadhi ya taarifa na ramani za miaka hiyo ya udhamini mpaka ulielezwa kuwa unapita katikati ya ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ramani zikarudi kuuchora ufukweni. Hakuna mkataba mpya uliotiwa saini katikati. Hapo ndipo pande mbili zinapochukua karatasi tofauti kutoka kwenye kabati moja: Malawi inanyoosha kidole kwenye 1890 na kuuliza uhamisho ulifanyika lini, Tanzania inanyoosha kidole kwenye taarifa za udhamini na kuuliza kwa nini msimamizi mwenyewe aliandika vingine. Ninavyoona mimi, makarani wa miaka ile walifanya nilichofanya na bikoni zangu. Waliizima leya bila kufikiri kwamba kuna siku mtu atakuja kuwasha.

Ziwa nalo halikukaa kimya likisubiri makarani. Tangu 1915 mlango wa Shire, mto pekee unaotoa maji ya Nyasa, ulizibwa na mchanga na matete, na kwa karibu miaka ishirini, hadi 1935 hivi, hakuna maji yaliyotoka. Kilichoingia kwa Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kikabaki ndani. Ziwa likapanda mita kadhaa. Kwenye milima ya Livingstone, ambako mwamba unazama wima, kupanda huko ni alama tu kwenye jiwe. Kyela ni jambo jingine. Tambarare yetu imelala kama mkeka. Maji yakipanda mita moja yanatembea ndani ya mashamba ya mpunga mbali kiasi cha mtu kuchoka kuyafuata. Yalipanda tena sana mwishoni mwa miaka ya 1970. Sasa nambie: kama mpaka ni ufukwe, ni ufukwe wa mwaka gani? Wa 1890, ambao hakuna aliyeupima vizuri? Wa 1915, maji yakiwa chini? Au wa asubuhi ya leo? Ukiufuata ufukwe unaohama, kila mvua kubwa inaipunguza Tanzania na kila ukame unairudisha. Waliochora Berlin hawakuwa na shida hiyo, kwani kwao ziwa lilikuwa rangi ya buluu iliyokauka.

Ramani ambazo wengi wetu tumezifanyia kazi ni zile za skeli ya 1:50,000, mfululizo unaojulikana kwa alama Y742, zilizochorwa kutokana na picha za ndege kwa ushirikiano wa ofisi ya Uingereza ya upimaji wa ng'ambo na Idara ya Upimaji na Ramani ya Dar es Salaam. Utaratibu wake nilielezwa na mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi hiyo ujanani. Kila rangi ilikuwa na shiti yake ya plastiki, imepakwa utandu, na mchoraji aliukwaruza utandu kwa sindano mpaka mwanga upite. Shiti ya buluu: ziwa, mito, mabwawa. Ya kahawia: mistari ya mwinuko. Ya kijani: misitu. Nyekundu: barabara. Nyeusi: nyumba, majina, mipaka. Pembeni zilitobolewa matundu, zikavikwa kwenye vipini vya chuma ili zisipishane hata unywele. Mzee alinionyesha kwa viganja vyake, kimoja juu ya kingine. Alipomaliza nikamwonyesha kompyuta yangu. Aliitazama orodha ya leya kwa muda, akasema, "Kumbe mmetoa harufu ya wino tu."

Hakukosea. Ivan Sutherland alionyesha programu yake ya Sketchpad huko MIT mwaka 1963, mashine inayochora kwa kalamu ya mwanga, na AutoCAD ikatoka mwishoni mwa 1982. Walioijengea leya walikuwa wakiiga meza za wachoraji, shiti juu ya shiti. Kilichoongezeka ni wepesi. Mzee alipotaka kuondoa mpaka kwenye ramani ilimbidi avue shiti nyeusi, na pamoja nayo yangeondoka majina ya vijiji na nyumba zote. Mimi naubonya mpaka peke yake, unaondoka kama nzi.

Wakati shiti hizo zinakwaruzwa, siasa ilikuwa inachemka. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika ilikuwa bado inasema bungeni kwamba ziwa halimo ndani ya mipaka yake. Julai 1964, Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoirithi wakati wa uhuru, na Malawi, iliyopata uhuru wake mwezi huo huo, haikuhitaji maneno mazuri zaidi ya hayo. Januari 1967 Tanzania ikaiandikia Malawi kwamba inauhesabu mpaka kuwa katikati ya ziwa. Rais Banda akajibu kwa jeuri, na Septemba 1968 akavuka hata maji: akadai kwamba kihistoria nchi yake inafika mbali ndani ya Tanzania. Ugomvi haukufika kwenye vita. Ulifika kwenye ramani: kila nchi ikachapa zake, na watoto wa familia moja wakafundishwa maziwa mawili. Hata jina likagawanyika, Nyasa huku na Malawi kule. Na nyasa kwa Kiyao maana yake ni ziwa tu, kwa hiyo sisi tunasema "Ziwa Ziwa" kwa fahari zote.

Kusini kidogo mambo yalikwisha kimya. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kwamba kati ya Nyasaland na Msumbiji mpaka upite katikati ya maji, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland ingawa viko karibu na upande wa Msumbiji. Mstari ule ule wa ufukweni, ziwa lile lile, ila wahusika walikaa mezani wakasaini. Upande wetu wa maji haukupata meza hiyo.

Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Surestream, na vitalu vya utafutaji, ambavyo navyo ni leya ya aina yake, vikalala juu ya maji tunayoyaona kutoka Matema. Agosti 2012 magazeti yakajaa ramani. Mawaziri wakakutana Mzuzu; baadaye usuluhishi ukapelekwa kwa marais wastaafu, Joaquim Chissano akiongoza, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Mpaka wa majini haukusogezwa wala kuthibitishwa. Meli zetu zinaendelea kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay, sasa pamoja na MV Mbeya II iliyoundwa hapo hapo na kuzinduliwa 2021. Usiku, ukisimama ufukweni, unaziona taa za wavuvi wa usipa zimetapakaa mpaka upeo wa macho, za huku na za kule. Samaki wanafuata mwanga, na mwanga hauna bendera.

Huo ndio mstari wa majini, na watu wa mjini wakisikia "mpaka wa Nyasa" hufikiria huo. Mkulima wa Kyela ana mpaka mwingine unaomnyima usingizi zaidi: Songwe. Mkataba uliutaja mto kana kwamba ni ukuta. Ni nyoka. Unashuka kwa kasi kutoka milima ya Ileje na Chitipa, ukifika kwenye tambarare unatua mzigo wake wa mchanga, unajiziba, unatafuta njia nyingine. Mvua za Machi na Aprili zikikolea, mto unalala mahali na kuamka pengine. Shamba lililokuwa kusini linaamkia kaskazini. Sheria ya mataifa ina kanuni yake: mto ukila ukingo polepole, mpaka unaufuata, ukiruka ghafla na kuacha mkondo wa zamani, mpaka unabaki kwenye mkondo mkavu. Kanuni safi. Ila mafuriko hayaji na karani wa kuandika kama mto umekula au umeruka.

Serikali mbili, zilizoshindwa kuelewana kuhusu ziwa, zimeelewana kuhusu mto. Kwa miaka mingi wataalamu wa pande zote wameupima Songwe ili waweze kuutuliza usiendelee kuhamisha nchi. Mei 2017 ukasainiwa mkataba ulioanzisha Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, na makao yake yako Kyela. Kuna mpango wa bwawa la umeme, umwagiliaji na kuzuia mafuriko. Nimeona michoro ya kazi kama hizo. Leya za mto zimepewa majina ya miaka, kila picha ya anga na leya yake, na ukiziwasha zote kwa pamoja bonde linajaa nyuzi zilizosokotana mithili ya kapu lililoachwa nusu.

Mwaka juzi mjomba aliniomba nimchoree shamba la familia, karibu na kule bibi alikotugawia ndoo. Alikuwa anataka karatasi ya kuonyesha kijijini. Nilichukua mto wa ramani ya 1:50,000, nikauweka kwenye leya yake. Nikachukua mto wa picha ya setilaiti, leya ya pili. Kisha nikatembea mwenyewe ukingoni na kifaa cha GPS, buti zikinasa kwenye tope, nikapata mto wa tatu. Juu yake nikachora zile mita 60 za kutoka ukingoni ambazo sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu, na mita hizo zikaizunguka migomba yote ya mjomba. Nikaizima leya hiyo haraka, nikajilaumu, nikaiwasha tena.

Nilimpelekea kompyuta kabla ya kuchapa. Kwenye kioo nilikuwa nimeacha mto mmoja tu, wa sasa, kama kazi inavyotaka. Mjomba alivaa miwani, akafuata ukingo kwa kidole, akasimama.

"Mpwa wangu, hapa kuna kaburi la bibi yako."

Nikamwonyesha kaburi. Nilikuwa nimelitia alama, doa dogo jeusi, ng'ambo ya mto.

"Hapo ni Malawi," akasema.

Nikawasha mto wa picha ya setilaiti. Kaburi likawa katikati ya maji. Nikawasha ule wa ramani ya zamani, na mstari ukajipinda chini kabisa ya mchoro, ukaliacha kaburi ndani ya shamba, hatua chache kutoka kwenye mwembe ambao haupo tena. Mjomba alikaa kimya akiangalia mito mitatu, akahesabu kwa midomo. Kisha akaniuliza kama karatasi ile inaweza kutoka na yote mitatu. Nikamwambia inaweza, ila ofisi ya kijiji itauliza mto ni upi.

"Waulize," akasema. "Chapa."